Jelagat Alikataa Ndoo

Ukikutana na Anti Jelagat jioni akitoka kazini, utamnusa kabla hujamwona. Simsengenyi. Yeye mwenyewe hulisema, tena kwa sauti, watu wakianza kuziba pua pale tunapoingilia mtaa wetu wa Huruma, hapa Eldoret.

"Ziba vizuri," huwaambia. "Ukimaliza, angalia miguuni. Hiyo harufu ndiyo umevaa."

Wengi hucheka. Wengine hununa na kuharakisha, viatu vyao vya ngozi vikilia ko-ko-ko kwenye lami. Anti haongezi mwendo wala hapunguzi.

Ni dada mdogo wa baba yangu, na tunaishi naye katika vyumba vyetu viwili vya kupanga. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi kilicho juu kidogo ya mtaa wetu, kando ya kijito ambacho watoto wa huku tunakiita Soda. Tulikipa jina hilo kwa sababu kuna siku kilikuja cheupe kama maziwa, siku nyingine bluu, na siku nyingine kwa rangi ambayo hata mwalimu wetu wa sanaa aliikodolea macho akakosa jina. Nilikua nikidhani vijito vyote viko hivyo. Ni Anti aliyeniambia hapana.

Yeye alizaliwa upande wa Plateau, nje ya mji, kwenye kijito kilichokuwa na sheria. Wanaochota maji ya nyumbani walikaa juu. Ng'ombe walinywa chini yao. Kufua kulikuwa chini kabisa. Mtu akifulia juu ya wanaochota, hakuna aliyemtupia jiwe wala aliyekimbia kwa chifu. Walisimama majini wakamwita kwa jina lake, lile alilopewa na mama yake, bila cheo, bila "mama nani", wakaliita na kuliita mpaka ng'ambo isikie, mpaka abebe nguo zake ateremke. Anti anasema alipokuwa msichana mdogo aliwahi kumwita hivyo mke wa pasta.

"Na akateremka?" nilimuuliza.

"Na sabuni mkononi."

Nimeandika hilo mapema kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa alichofanya Agosti iliyopita.

Kiwandani Anti ni mtu wa mtaro. Ngozi hufika kutoka machinjioni zikiwa mbichi, zinapakwa chumvi, kisha zinalowekwa kwenye madramu makubwa ya mbao yenye maji ya chokaa ili manyoya yatoke. Maji yakishamaliza kazi hiyo yanakuwa mazito na machungu, ukiyagusa yanateleza kama sabuni na ngozi yako inawasha siku nzima. Yanamwagwa mtaroni. Anti husimama humo na viatu vya gambuti na koleo, akiondoa manyoya na mafuta yasizibe njia. Mtaro unaingia kwenye matangi ya kusafisha maji, yenye mashini zinazokoroga kutwa kama mwiko kwenye sufuria ya ugali, na ukitoka hapo unaangukia Soda.

Nilisema zinakoroga kutwa. Hivyo ndivyo zilivyotakiwa. Matangi yalijengwa kwa pesa nyingi, lakini mashini zake zilikula stima kuliko kitu kingine chochote kiwandani, kwa hiyo ziliwashwa siku ya wageni tu. Siku ya wageni ilikuwa siku ya wakaguzi wa mazingira. Habari ya kuja kwao ilitangulia kila mara, sijui ilipita wapi. Madramu yalinyamazishwa, mtaro ukapigwa maji safi ya boholi, mashini zikakoroga, mbuzi akachinjwa. Wageni walitazama maji wakaona maji. Walipoondoka, swichi ikarudi chini.

Halafu akaja mnunuzi ambaye hakuja.

Ni mtu wa ng'ambo, anatengeneza mikoba. Alisema hanunui tena ngozi ya Eldoret bila kuona maji yanayotoka kiwandani, na hakutaka kuonyeshwa siku moja na kulishwa mbuzi. Alitaka kuyaona kila saa, kwenye simu yake, akiwa kwao. Mwenye kiwanda, Mzee Abdinasir, alianza maisha akinunua ngozi za mbuzi kijiji kwa kijiji mpaka akawa na madramu yake mwenyewe, na anajua mnunuzi anapomaanisha asemalo. Akakubali. Fundi akaja na kifaa cha chuma kirefu kama kile kifimbo cha mkuu wetu wa shule, chenye waya unaoingia kwenye sanduku la ukutani lililo na antena. Akakining'iniza mwisho kabisa wa mtaro, baada ya matangi, pale maji yanapotaka kuruka kuingia Soda. Kinaonja maji: chokaa iko kiasi gani, chumvi kiasi gani, joto kiasi gani. Halafu kinatuma. Kwenye simu unaona jani. Jani la kijani ni sawa, la njano ni jihadhari, jekundu ni matata.

Anti alikiita Ulimi, na baada ya muda hata fundi alikiita hivyo.

Kwa kuwa Anti ndiye aliyekuwa pale mtaroni siku zote, fundi alimfundisha yeye kukitunza. Kila asubuhi autoe Ulimi, ausugue kwa mswaki, auzamishe kidogo kwenye ndoo ya maji safi, aurudishe mahali pake. Akamwekea na app kwenye simu. Usiku huo sikusoma chochote. Nilishika simu ya Anti nikatazama Soda, kijito changu, ambacho nimekiruka nikienda shule tangu darasa la kwanza, kikiongea kwa namba.

"Anti, inajuaje kama ni chokaa na si chumvi?"

"Mimi ni mhandisi?"

"Na mtu wa mikoba anaona hii hii ninayoona?"

"Anaona hii hii. Sasa hivi pengine anakunywa chai akikuona na wewe."

Nikaiweka simu chini haraka. Alinicheka mpaka Jumapili.

Wiki zile za kwanza mashini zilikoroga mchana na usiku, na Soda ikafanya jambo ambalo sijawahi kuliona. Ikawa na sakafu. Ungesimama kwenye mawe ukaona mchanga, ukaona kisahani kilichovunjika, ukaona vidole vyako. Jani lilikuwa kijani. Halafu bili ya stima ikafika.

Meneja wa kazi pale anaitwa Lawrence Kiprop. Ni mtu nadhifu, mashati yake hayajui vumbi, na wafanyakazi wote humwita Boss. Bili ilipofika aliiteremsha ile swichi kama zamani. Siku iliyofuata madramu ya chokaa yakafunguliwa, na jani likawa jekundu mbele ya macho ya mtu wa mikoba.

Kilichofuata nilikisikia jioni hiyo, Anti akikata sukuma wiki na kuigiza sauti zote mbili. Lawrence alikuja mtaroni mbio, simu ikiwa mkononi.

"Mama, hii kitu inasema nini?"

"Inasema vile maji yalivyo, Boss."

"Inasema nyekundu! Mnunuzi ameshapiga simu!"

"Basi washa mashini."

"Mashini ni stima. Stima ni bili. Wewe hulipi bili."

"Hata Soda hailipi bili."

Lawrence akageuka. Akaitazama ndoo. Anti anasema aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyama.

"Ebu niambie. Asubuhi ukiosha hii kitu, jani huwa rangi gani?"

"Kijani. Si iko kwenye maji safi ya mfereji."

"Basi iache kwenye ndoo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana, siiachi."

"Kwani hapa meneja ni nani?"

"Ni wewe. Ndoo ni ile, na mikono unayo. Weka."

Hakuweka. Hilo ndilo nililolifikiria sana kitandani. Kitu chepesi hivyo, kutoa hapa na kutia pale, na yeye hakutaka mkono wake uwe ndio ulioshika. Alitaka wa Anti.

Kesho yake Anti alihamishiwa chumvini. Chumvini ni banda la ngozi mbichi, ambako unabeba ngozi nzito begani na kuzipaka chumvi kwa mikono, na kila mkwaruzo ulio nao unakuuma hadi usiku. Watu wakipelekwa huko hawadumu, na Lawrence alijua hivyo. Baba alimwambia Anti aache kazi, atafute kibanda cha mboga.

"Wanataka nitoke," alisema Anti akipaka mafuta vidoleni. "Sitoki. Kama wanataka nitoke waniambie mdomoni, toka kwa sababu umekataa kudanganya. Wakishindwa kuyasema hayo, nitapaka chumvi mpaka niwe samaki."

Kazini hakuwa na wa kumuunga mkono. Rafiki yake Christabel, waliyekuwa wakila naye kila mchana, alimwambia ukweli wake.

"Jelagat, mimi nina watoto. Mnunuzi akienda, tunaenda sote. Jani likiwa kijani kwani linamuuma nani?"

"Watoto wako wanacheza wapi jioni?"

"Usinianze."

"Nauliza tu. Wanacheza wapi?"

Christabel alibeba sahani yake akahamia benchi lingine. Tangu siku hiyo Anti alianza tabia mpya. Kila mchana alichukua chakula chake, akaenda kuketi kwenye ukingo wa mtaro, pale pale Ulimi ulipokuwa, akala githeri yake akiangalia dirisha la ofisi. Harufu ya pale inaweza kuangusha farasi. Alikula, akakomba sahani, akarudi chumvini. Na kesho tena.

Ndoo alipewa Mabonga. Huyu ni askari wa lango la nyuma, na kibanda chake kiko kando ya mtaro, karibu kiasi kwamba waya wa Ulimi ulifika. Mabonga ni mzee mpole ambaye hawezi kumwambia mtu hapana, hata kuku. Lawrence alimwambia ausugue Ulimi kila siku, ndoo ijae maji safi, na asiutoe humo. Akatii. Jani likawa kijani wiki baada ya wiki, Lawrence akaacha hata kulitazama, na Soda ikarudia rangi zake.

Anti hakumchukia Mabonga. "Yule hakuomba," alisema. "Alipewa."

Agosti shule zilipofungwa nikawa nampelekea Anti chakula pale lango la nyuma. Kama hujawahi kuwa Eldoret mwezi wa nane, mvua hunyesha ikiwa na barafu ndani, na asubuhi maji ya mfereji yanakata vidole kama kisu. Siku moja nilimkuta Mabonga amekunja mabega juu ya jiko lake la makaa ndani ya kibanda. Ndoo ilikuwa imesogezwa karibu kabisa na jiko, Ulimi umo ndani, na mvuke mwembamba unapanda.

"Mzee, kwa nini ndoo iko hapa?"

"Maji ya siku hizi yanauma, mtoto wangu. Nikiingiza mkono kusugua, vidole vinakufa." Akaichungulia ndoo kwa huruma. "Na hii kitu ya watu ni chuma. Nikaona itashika baridi bure."

Nikamwachia chakula cha Anti. Nilikimbia nyumbani, na Anti aliporudi nikaichukua simu yake kabla hajavua gambuti. Jani lilikuwa limetoka kijani, likapita njano, likawa jekundu. Chokaa hakuna. Chumvi hakuna. Joto sasa, mama yangu! Yale yalikuwa maji ya kuoga.

"Anti, Soda ina homa."

Alitazama. Nikamweleza kuhusu jiko. Alicheka mpaka akaketi sakafuni na gambuti zake, machozi yakimtoka, akasema "Oi, Mabonga, Mabonga wa watu." Halafu kicheko kikaisha ghafla.

"Watamfukuza," alisema. "Kesho asubuhi nitamwambia aiondoe pale."

Lakini mtu wa mikoba hakungoja asubuhi. Anti alipofika kazini gari la Mzee Abdinasir lilikuwa tayari uani, Mzee mwenyewe yuko ofisini anapigiwa simu na kupigiwa tena, na Anti hakupata nafasi ya kumfikia Mabonga. Nilipoleta chakula mchana, Mzee alikuwa bado hajateremka mtaroni. Aliyekuwa pale langoni ni Lawrence, amesimama karibu sana na Anti. Hakujali kwamba nimefika. Mimi nilikuwa mtoto na bakuli.

"Mnunuzi anauliza tunachemsha nini," alisema kwa sauti ya chini. "Anasema tunamwaga maji moto mtoni. Sikiza, Mama. Sema ulikuja kuosha kile kifaa, ukakisahau kwenye ndoo karibu na jiko. Umesahau tu. Kila mtu husahau. Ukisema hivyo, leo leo nakurudisha mtaroni kwako."

"Na nikikataa?"

"Basi kesho usije."

Niliyaona macho ya Anti yakienda mtaroni, kwenye ukingo wake alipozoea kukaa. Mikono yake ilikuwa imepasuka kila mahali kwa chumvi. Nilitaka aseme ndiyo. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: nilitaka aseme ndiyo, aje nyumbani na mikono mizima.

Mzee Abdinasir akaja, kofia yake nyeupe, koti zito, simu mbele yake kama mtu anayemulika njia. Wafanyakazi wakaanza kuchungulia milangoni. Lawrence alisimama juu ya ukuta mfupi wa matangi ili asikanyage tope.

"Nani anachunga hiki kifaa?" Mzee aliuliza.

"Ni huyu mama," Lawrence akasema upesi. "Ana jambo la kueleza."

Mabonga alitokea mlangoni mwa kibanda, kofia mkononi. "Mzee, hapana, ni mimi nime..."

"Nyamaza, Mabonga," alisema Anti. "Wewe ulikuwa unaota moto tu."

Akashuka mtaroni. Akasimama na gambuti zake katikati ya yale maji meupe, akainua uso.

"Lawrence!"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo pale. Bila Boss, bila Bwana, bila meneja.

"Lawrence Kiprop! Teremka!"

"Mama, heshima!"

"Nimekuita jina ulilopewa na mama yako. Kwani ni tusi? Lawrence Kiprop! Unafulia juu ya watu! Teremka!"

Sauti yake iligonga mabati ikarudi. Watu wakamiminika kutoka kwenye madramu, Christabel akiwa mmoja wao, amejishika mdomo. Wale wa upande wa kwao Anti walilielewa lile jambo mara moja. Nilimwona mzee mmoja wa madramu akitazama chini kama aliyeitwa yeye. Anti aliita tena, na tena. Lawrence aliangalia kushoto, akaangalia kulia, na sijui ni aibu au ni ule ukuta uliokuwa ukiteleza, lakini aliteremka. Viatu vyake vikazama kwenye tope.

Hapo Anti akapanda kutoka mtaroni. Akaingia kibandani, akatoka na Ulimi ukitoa mvuke mikononi mwake, akauning'iniza mahali pake pa zamani ndani ya mtaro.

"Sasa ngoja, Mzee," alisema. "Inatuma polepole."

Tukangoja. Mvua ilikuwa inanyunyiza. Watu wazima wote wale, na mimi na bakuli langu, tukimtazama mtu mmoja akitazama simu. Niliona vidole vya Mzee vikifuta matone kwenye kioo.

"Imepoa," alisema. Halafu akakunja uso. "Imepoa, lakini bado ni nyekundu."

"Ndiyo, Mzee. Hii nyekundu ndiyo yetu. Ile ingine ilikuwa ya jiko la Mabonga."

"Na kijani? Kijani yote ile ya mwezi uliopita?"

"Ya ndoo."

Mzee Abdinasir aliichungulia ndoo pale kibandani, ya plastiki, ya bluu, imevunjika mshikio. "Wallahi," alisema taratibu. "Nimeonyesha jani hili msikitini. Nimemwonyesha binti yangu Ruwayda, nikamwambia tazama baba yako anavyotunza mto. Kumbe ninaonyesha watu ndoo?"

Hakuna aliyecheka. Alimgeukia Anti, na hasira yake haikuchagua mtu.

"Na wewe! Simu yangu huna? Ofisi huijui? Mpaka unipigie kelele mbele ya kiwanda kizima?"

"Nimekula chakula changu hapa kila mchana, Mzee. Dirisha lako ni lile pale."

Alilitazama dirisha. Kisha akamwambia Lawrence neno moja tu: "Washa." Anti yeye akaambiwa mengi zaidi: kwamba amekosa adabu, kwamba aende nyumbani, akae huko mpaka aitwe.

Tuliondoka pamoja. Nyuma yetu mashini zikaanza kukoroga, kwanza kwa kukwaruza, halafu kwa ule mngurumo wao. Anti aligeuka akasikiliza kidogo, akaanza kula chakula chake huku tukitembea, kwa mkono, njiani, kitu ambacho mimi nikifanya napigwa.

Sitaki kusema kila mtu alifurahi. Mzee Abdinasir alimwandikia mtu wa mikoba ukweli wote wa ndoo, na mtu wa mikoba akasimamisha oda zake mpaka aone jani la kijani lisilo la ndoo. Vibarua wengi walikaa nyumbani wakingoja. Christabel alikuwa mmoja wao, na alipita nje ya mlango wetu bila kusalimia, akiwa na watoto wake.

"Asinisalimie," alisema Anti. "Ana haki. Lakini akirudi kazini asiniambie nitie Ulimi kwenye ndoo."

Na yeye mwenyewe hakuitwa. Jumatatu ilipofika alivaa gambuti.

"Anti, si ulisema umeambiwa ukae mpaka uitwe?"

"Nimekaa. Nimechoka kukaa."

Alikwenda lango la nyuma. Mabonga, ambaye hawezi kumwambia mtu hapana, akamfungulia. Hakwenda chumvini. Alichukua koleo lake, akaingia mtaroni, akaanza kutoa manyoya. Lawrence alipita akamwona, akaenda zake. Mzee Abdinasir alimwona kutoka dirishani na pazia likarudi. Kufika Ijumaa alikuwa kwenye malipo kama wengine. Hakuna aliyemwambia rudi, na mpaka leo hakuna aliyemwambia toka. Oda zilianza tena polepole, vibarua wakarudi kidogo kidogo. Christabel humsalimu siku hizi, ila kwa kidevu.

Lakini ndoo bado ilikuwepo. Ulimi lazima uoshwe kila asubuhi, na fundi alisema ni kwenye ndoo, hivyo ile ya bluu ilikuwa imekaa pale pale kando ya mtaro, imejaa maji safi, inangoja bili ya stima ifike tena. Wote waliiona. Lawrence aliiona pia. Bado ni meneja, na mashati yake bado ni safi.

Asubuhi moja kabla shule hazijafunguliwa nilikuwa pale, nimempelekea Anti glavu alizosahau. Nilimkuta kibandani kwa Mabonga. Alikuwa ameutia msumari mrefu kwenye makaa, na ulipokuwa mwekundu aliushika kwa koleo la jiko, akaigeuza ndoo, akaitoboa kitakoni. Plastiki ikalia na kunuka.

"Dada, ndoo ya kiwanda hiyo," Mabonga akasema kwa woga.

"Bado ni ya kiwanda."

Akaijaza maji, akauzamisha Ulimi, akasugua kwa mswaki, huku maji yakichuruzika miguuni mwake. Alipomaliza kusugua ndoo ilikuwa karibu tupu. Akautoa Ulimi akaurudisha mtaroni. Lawrence alikuwa amesimama nyuma yetu, sikumsikia akija.

"Mama, umeharibu ndoo," alisema. "Sasa itashika maji vipi?"

Anti alikung'uta mswaki wake.

"Ya kuosha Ulimi inashika, Lawrence. Ya kuulaza humo ndiyo haishiki."